Usukani Unalia, Nawe Unamimina Tu?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za usukani, kana kwamba mmeambizana. Zinazofanana nimeziunganisha, zilizobaki nimezijibu kwa urefu zinaostahili. Mwenye haraka asome la kwanza, kwa sababu ndilo lililonichoma zaidi.

SWALI: Shikamoo fundi. Gari langu lina pawa stelingi ya oili. Asubuhi nikiwasha na kukata usukani, linalia "nguuuu", na kadiri ninavyokata ndivyo linavyozidi. Fundi wangu hufungua boneti, akaona oili imepungua, akaongeza, sauti ikakata. Baada ya wiki mbili ni yale yale. Anasema gari likizeeka hula oili ya stelingi, ni kawaida. Ni kweli?
Dereva wa saluni kuukuu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli, na huyo fundi nisingemkabidhi hata toroli. Injini ndiyo inayoweza kula oili, kwa sababu ndani yake kuna moto: oili ikipenya kwenye ringi inaungua na kutoka na moshi. Stelingi haichomi kitu. Oili inatoka kwenye kopo, inaingia kwenye pampu, inasukumwa kwa presha hadi kwenye reki, ile fimbo ya chuma yenye meno inayosukuma magurudumu kushoto na kulia (magari makubwa na baadhi ya ya zamani yana boksi badala ya reki), inakusaidia kugeuza magurudumu, kisha inarudi kopo lile lile. Ikipungua maana yake imetoka nje. Kilichobaki ni kujua imetokea wapi.

Anza kwa kupima mwenyewe. Egesha mahali tambarare, nyoosha magurudumu, zima injini. Kopo la stelingi mara nyingi lina picha ya usukani kwenye kifuniko. Likiwa la plastiki inayopitisha mwanga utasoma alama kwa nje. Lisipopitisha, kuna kijiti chini ya kifuniko. Kabla hujafungua, futa kifuniko na pembeni yake kwa kitambaa safi, maana mchanga ukidondokea humo utakwenda moja kwa moja kwenye pampu, na pampu haina huruma na mchanga. Makopo mengi yana alama mbili, moja ya oili ikiwa baridi na nyingine ikiwa ya moto. Wengi wanapima oili baridi kwa alama ya moto, wanajaza, halafu gari likipata joto oili inapanuka na kumwagika kwenye kifuniko. Wanakuja gereji wakilia kwamba gari linavuja.

Ukishapima, chovya kijiti, udondoshe tone kwenye karatasi nyeupe na uliangalie kwenye mwanga wa jua. Oili nzuri inapitisha mwanga, iwe nyekundu, ya kijani au ya rangi ya asali. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, imechoka. Ikiwa nyeusi yenye vipunje laini, kuna mpira unaochubuka kwa ndani. Ukiona inametameta kama imenyunyiziwa unga wa fedha, pampu inajisaga. Na ikiwa na povu au imefifia kama maziwa, ina hewa, na mimi naweka dau kwamba yako ni hii ya mwisho.

Ile "nguuuu" ni sauti ya pampu iliyovuta hewa pamoja na oili, kama mtu anayenyonya kinywaji kwa mrija uliotoboka. Hewa huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kopo kupungua mpaka mdomo wa chini ukawa wazi. Ya pili ndiyo inayowatesa mafundi: mpira wa kunyonya, ule mnene mfupi unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu. Mpira huo hauna presha ndani, una mvuto. Kwa hiyo ukilegea unaweza kuvuta hewa bila kudondosha hata tone. Ushike kwenye ncha yake, karibu na kibano, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Mpira mzima unabonyea na kurudi. Uliokufa ni mgumu kama plastiki, una nyufa ndogondogo ukiukunja, na ukiuzungusha unazunguka wenyewe juu ya mdomo wa pampu. Ukiwa na urefu wa kutosha, fundi anaweza kukata sentimita moja ya ile ncha iliyokauka, akarudisha na kibano kipya. Ukiwa umekauka wote, weka mpya, lakini uwe wa kuhimili oili. Mpira wa maji ya rejeta ukiwekwa hapo utavimba na kulainika hata kabla hujasahau uliununua wapi.

Kwamba sauti inakuja asubuhi nayo inasema kitu. Oili baridi ni nzito, pampu inavuta kwa nguvu zaidi, na mpira uliokauka unakuwa mgumu zaidi kwa baridi. Sauti inayofifia gari likipata moto mara nyingi inatoka upande wa kunyonya. Hapo hapo angalia na chini ya kopo. Magari mengi yana kichujio kidogo cha wavu ndani ya kopo, kikizibwa na uchafu pampu inakosa oili ingawa kopo limejaa. Usikichokoe kwa bisibisi. Kama hakisafishiki, badilisha kopo lote.

Ila wewe oili inapungua kweli, kwa hiyo kuna mahali inatoka. Safisha sehemu ya mbele chini ya injini, ikauke, kisha laza boksi la karatasi chini ya gari usiku kucha. Asubuhi angalia doa limeangukia wapi. Oili ya stelingi ni nyepesi na inateleza, maji ya rejeta hayana utelezi wa oili, oili ya injini ni nyeusi na nzito. Usiifananishe na oili ya giabokisi ya otomatiki, ambayo nayo mara nyingi ni nyekundu, hivyo mahali doa lilipo ni muhimu kuliko rangi. Kisha fuatilia juu: nyuma ya puli ya pampu kuna sili ya shafti (pete ya mpira inayozuia oili isitoke), kwenye bomba la presha kuna sehemu ambapo mpira umebanwa na chuma, hapo huanza kutoa jasho, na pembeni mwa reki kuna mipira miwili yenye mikunjo. Legeza kibano cha nje cha mpira huo na uuvute kidogo. Mpira ukimwaga oili, sili za reki zimekwisha.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Usipapase bomba la presha kwa mkono injini ikinguruma. Presha humo hupita baa 70 kwa urahisi usukani unapokatwa hadi mwisho, na oili inayochomoka kwenye tundu dogo inaweza kupenya ngozi. Tumia kipande cha boksi, kipitishe taratibu, oili itajionyesha. Na kama inadondokea kwenye eksozi, usiendeshe hadi itengenezwe, maana oili hii inashika moto.

Ukishaziba uvujaji, hewa iliyobaki itolewe. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki, gari likae juu ya stendi na si juu ya jeki peke yake. Injini ikiwa imezimwa, jaza kopo, kata usukani polepole kushoto hadi mwisho, kisha kulia, urudie huku msaidizi akiangalia kopo na kuongeza. Vipovu vikikoma, washa injini, urudie taratibu. Usikae mwisho wa usukani zaidi ya sekunde chache, kwa sababu hapo oili haina pa kwenda na inachemka ndani ya pampu. Hili ni la kila siku pia: wanaoegesha huku wamekata usukani mpaka mwisho na kuung'ang'ania ndio wateja wetu wa pampu.

Chupa za dawa ya kuziba uvujaji sizipendi. Zinalainisha na kuvimbisha sili, mtu anafurahi kwa muda, kisha sili zinakuwa laini mno na uvujaji unarudi mkubwa kuliko wa mwanzo. Zina nafasi kwa mtu anayetaka kulifikisha gari gereji, basi.

SWALI: Fundi, langu halilii hivyo. Linapiga kelele kali "kwiii" ninapowasha, au nikikata usukani mpaka mwisho, kisha linanyamaza. Oili iko sawa. Niwe na wasiwasi?

JIBU: Huo ni mkanda unaoteleza kwenye puli, pampu haina kosa. Zima injini, utazame ukiwa na tochi: ukiona unang'aa kwenye kingo, una nyufa, au umelowa oili, badilisha. Kwa mkanda wa zamani unaokazwa kwa boliti, ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu. Ukizama kama sentimita moja hivi uko sawa, ukizama zaidi umelegea, ukazwe. Magari ya sasa yana kikazio chenye springi, hicho kikichoka mkanda mpya nao utalia. Usimwagie mkanda maji ya sabuni wala grisi, nimeona wote wawili. Na usipuuze: mkanda huo huo mara nyingi unazungusha alteneta (inayochaji betri), na kwenye magari mengi hata pampu ya maji. Ukikatika, usukani unakuwa mzito, taa ya betri inawaka na injini inaanza kupanda joto, vyote kwa mpigo.

SWALI: Nilikuwa safarini, oili ya stelingi ikaisha. Nilikuwa na chupa ya oili ya breki tu, nikamimina kidogo ili nifike. Mwenzangu anasema nimeua gari. Je, nimeua?

JIBU: Hujaliua, ila umelitia sumu, na kila kilomita unayoongeza ni kwa gharama yako. Oili ya breki ya kawaida si mafuta ya madini, na sili za stelingi hazikutengenezwa kwa ajili yake. Zinavimba, zinalainika, zinaachia. Usiwashe tena injini. Oili yote iliyomo kwenye kopo inyonywe, mpira wa kurudishia ufunguliwe na kuelekezwa kwenye chombo, mdomo wa kopo ulioachwa wazi na mpira huo uzibwe, magurudumu yainuliwe, mtu akate usukani huku mwingine akimimina oili sahihi mpaka kinachotoka kiwe safi kabisa. Kisha utaangalia sili kwa wiki kadhaa. Zikianza kutoa jasho, ujue kwa nini.

Na kwa wengine ambao bado hawajafanya hivyo: oili sahihi imeandikwa kwenye kifuniko cha kopo au kwenye kitabu cha gari. Magari mengi hutumia ATF (oili ya giabokisi ya otomatiki) ya aina ya Dexron, ile nyekundu. Honda wana oili yao wenyewe na wanasisitiza itumike hiyo. Magari mengi ya Ujerumani yanatumia oili ya sintetiki ya kijani. Usichanganye ya kijani na nyekundu kwa sababu tu zote zinateleza. Rangi nayo usiitegemee peke yake, kiwanda kinaweza kupaka oili rangi yoyote kinayotaka. Maandishi ya kwenye chupa yalingane na maandishi ya kwenye kifuniko, hapo umemaliza.

Swali la ibadilishwe lini limekuja kwenye barua nyingine tatu. Vitabu vingi vya magari havitaji kilomita kabisa. Mimi huipima kila ninapobadilisha oili ya injini, na huitoa yote ikishapoteza uwazi wake, au gari likikaribia kilomita 80,000 tangu mara ya mwisho, lolote litakalotangulia.

SWALI: Nimenunua gari la miaka ya karibuni. Gereji moja imeniambia oili ya stelingi imechakaa, wanataka kuibadilisha. Nimefungua boneti, nimetafuta kopo, silioni. Halafu taa yenye picha ya usukani na alama ya mshangao huwaka siku nyingine, siku nyingine haiwaki. Naomba msaada.
Mama wa watoto watatu, mwenye mashaka

JIBU: Dada yangu, mashaka yako yana msingi. Huoni kopo kwa sababu inawezekana kabisa halipo. Magari mengi ya sasa yanasaidia usukani kwa mota ya umeme, iliyofungwa kwenye shina la usukani au kwenye reki yenyewe. Kihisi kinapima unakata kwa nguvu kiasi gani, kompyuta inaamrisha mota isaidie. Mfumo huu haukuanza jana: Suzuki Cervo ya mwaka 1988 ndiyo iliyotangulia, huko Japani. Gereji inayotaka kubadilisha oili ya mfumo usio na oili ama haijaangalia chini ya boneti ama imekuangalia wewe tu. Kuna aina ya tatu, yenye oili lakini pampu yake inazungushwa na mota ya umeme badala ya mkanda, na kopo lake wakati mwingine limejificha chini karibu na taa ya mbele. Kwa hiyo soma kitabu cha gari kabla hujagombana na mtu. Kikiwa hakitaji oili ya stelingi popote, rudi ukagombane.

Hiyo taa inayokuja na kuondoka, anza na betri. Mota ya stelingi inakula umeme mwingi kwa mkupuo, na betri iliyochoka au alteneta dhaifu ikishusha volti, kompyuta inakata msaada ili isilete madhara. Gari lipimwe betri likiwa limezimwa, lipimwe tena chaji injini ikiwa imewashwa. Kisha vifungo vya betri visafishwe na waya wa bodi ukaguliwe. Vikiwa vizima, sasa ndipo liunganishwe kwenye mashine ya kusoma makosa, na mashine hiyo iwe na uwezo wa kusoma kompyuta ya stelingi, si ya injini peke yake. Usikubali kubadilishiwa reki nzima kabla hujaonyeshwa kosa lililosomwa. Ni kifaa ghali, na mara nyingi kinabadilishwa bure kwa kosa la waya.

Jambo jingine: ukiwa unahangaika kuegesha, unakata huku na huku kwa muda mrefu, usukani ukawa mzito kisha ukarudi hali yake baada ya dakika chache, huo mfumo unajilinda tu na joto. Hakuna cha kutengeneza.

SWALI: Mteremkoni mimi huzima injini niokoe mafuta. Usukani unakuwa mzito kidogo, nimezoea. Rafiki yangu ananitisha. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Rafiki yako, na umnunulie zawadi. Injini ikizimwa, pampu ya stelingi inasimama. Usukani bado umeunganishwa na magurudumu kwa chuma, utakata, ila kwa nguvu za mikono yako tu. Hilo ndilo dogo. Kubwa ni breki: kile kifaa kinachokusaidia kukanyaga kinabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili tatu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Na ukizungusha ufunguo kupita kiasi na kuuchomoa, usukani unajifunga. Huo mzito "kidogo" uliouzoea utageuka mzito kabisa siku unapomkwepa mtoto.

Mafuta yenyewe huyaokoi. Injini za kisasa zinazopuliziwa mafuta, ukishuka ukiwa ndani ya gia na mguu uko nje ya pedali, zinajikatia mafuta zenyewe. Shuka na gia.

Na kama msaada ukikata wenyewe ukiwa barabarani, usihamaki. Shika kwa mikono miwili, punguza mwendo, washa taa za dharura, toka pembeni.

SWALI: Usukani wangu mzito pande zote mbili, gari halina kelele, oili imejaa, mkanda mzima. Nilibadilisha matairi hivi karibuni nikaweka mapana zaidi. Pampu imekufa?

JIBU: Pima upepo kwanza. Kabisa kabisa kwanza, matairi yakiwa yamepoa. Tairi pana lenye upepo pungufu linalemea usukani kuliko pampu nusu mfu. Upepo ukiwa sawa na uzito bado upo, inua magurudumu ya mbele, zima injini, na ukate kwa mkono. Kukiwa kugumu hata hewani, kuna kitu kinakwama: beringi ya juu ya shokapu, boli jointi iliyokauka, au kiungo cha shina la usukani kilichoshika kutu. Kukiwa kulaini, hapo ndipo pampu ishtakiwe.

SWALI: Reki inavuja. Mafundi wawili, maneno mawili: mmoja anataka kubadilisha sili tu, mwingine anataka reki nzima. Nimsikilize nani?

JIBU: Sikiliza shafti ya reki. Mpira wa mikunjo ukitolewa, shafti ifutwe ikauke, kisha pitisha ukucha juu yake taratibu kutoka mwisho hadi mwisho. Ukucha ukiteleza bila kukwama, na fundi wako ana vifaa vya kuingiza sili bila kuzichana, badilisha sili. Ukucha ukinasa kwenye kutu au mkwaruzo, sili mpya zitachanwa mwezi ule ule na utalipa mara mbili. Kutu hiyo kwa kawaida huingia kwa sababu mpira wa mikunjo ulipasuka zamani na hakuna aliyejali, kwa hiyo vyovyote utakavyoamua, mipira hiyo iwe mipya.

Ukiamua reki nzima, simama hapo gereji uangalie mambo mawili. La kwanza, kabla ya kufungua kiungo cha shina, usukani ufungwe usizunguke, hata kwa mkanda wa kiti. Nyuma yake kuna utepe wa waya wa mfuko wa hewa, usukani ukizungushwa ovyo unakatika na taa ya mfuko wa hewa itawaka. La pili, oili ya zamani itolewe yote kabla ya reki mpya kujazwa, maana ule unga wa chuma kutoka pampu ya zamani utaanza kazi kwenye sili mpya. Kisha gari liende kwenye alaimenti (kulinganisha magurudumu) siku hiyo hiyo, kabla halijala tairi.